Uzi maalumu: mazingaombwe ya mezani kwa sarafu, noti, rababendi na vitu vya mfukoni. Wajuzi karibuni

#1 Gumba la Kushoto (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya mazingaombwe ikiletwa, majibu matano hayapiti kabla haijahamia kwenye majini. Nimeona tuwe na uzi wetu, tena wa aina moja tu: mazingaombwe ya karibu. Yale unayomfanyia mtu mmoja au watu wanne mmezunguka meza moja, mikono yako ipo mbele ya pua zao, na vifaa ni vile ambavyo kila mtu anavyo mfukoni au juu ya dawati. Sarafu, noti, klipu za karatasi, rababendi, pete, glasi, karata. Hakuna sanduku la kukata mtu vipande viwili, hakuna moshi, hakuna pazia.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubisha abishe. Mkono haujawahi kuwa mwepesi kuliko jicho. Hiyo ni sifa ambayo wanamazingaombwe wameiacha ienee kwa sababu inawafaa: ukiamini siri ni kasi, utakodolea macho mahali ambapo hakuna kitu. Kazi yenyewe ni kuchagua dakika ambayo mtazamaji anaamini hakuna kinachofanyika, halafu ukafanya lako humohumo, taratibu kabisa.

Nianze na sarafu inayopotea, hila ambayo haikosekani kwenye kitabu chochote cha wanaoanza. Ishike kwa kingo zake mkono wa kushoto, kati ya gumba na ncha za vidole, kiganja kikitazama juu. Mkono wa kulia unakuja kuichukua: gumba linapita chini ya sarafu, vidole vinapita mbele yake na kuifunika. Hapo gumba la kushoto linaachia, sarafu inadondokea kwenye vidole vya mkono uleule wa kushoto. Mkono wa kulia unafumba kana kwamba umeshika kitu na kuondoka. Wa kushoto unashuka zake bila neno.

Maelezo yameisha na hila bado hujaijua. Wengi wanaiua kwa macho yao wenyewe. Wanatupia jicho mkono wa kushoto kuhakikisha sarafu haionekani, na mtazamaji anafuata jicho. Mskoti mmoja, John Ramsay, alikuwa muuza duka na bingwa wa sarafu, alikuwa akifundisha hivi: ukitaka watu watazame kitu, kitazame wewe, ukitaka wakutazame wewe, watazame wao. Mimi naona nusu ya taaluma nzima imo humo.

Sharti moja la uzi: hila za kale zilizo kwenye kila kitabu tunazifafanua. Hila ya mtu aliye hai anayeiuza ili ale, hatuianiki hapa.

Karibuni.

#2 kiroboto

Naweka kambi. Mleta uzi usikimbie.

#3 Mdadisi Mkavu

Mkuu nabisha. Nimetazama video nyingi za hawa jamaa na vidole vinakwenda kama vya mpiga kinanda. Hiyo si kasi? Halafu unasema vitu vya kawaida, mbona video nyingi za Wamarekani wanatumia sarafu moja kubwa ambayo hata wao sidhani kama wanalipia nauli?

#4 Bi Shupaza

Nijibu la sarafu, la kasi namwachia mwenyewe.

Hiyo ni nusu dola. Kipenyo chake ni milimita 30.6, inajaa kiganjani na inaonekana hata na aliyekaa upande wa pili wa meza. Na kweli, Mmarekani wa kawaida haigusi mwaka mzima. Ndiyo maana mimi siipendi kwa kazi hii. Ukitoa sarafu ambayo mtu hajawahi kuiona mfukoni mwake, swali la kwanza kichwani mwake ni "hii sarafu ina nini?" na tayari umepoteza. Azima yake. Mwache aisome mwaka, aikumbuke mkwaruzo wake. Ikipotea, imepotea yake.

Kwa anayeanza, usikimbilie kuibana katikati ya kiganja kwa misuli ya gumba. Huko ni mbali na mkono utaonekana una kiharusi. Anza kuilaza kwenye vifundo vya chini vya kidole cha kati na cha pete, vidole vikiwa vimejikunja vile vinavyojikunja vyenyewe ukiwa umesimama tu. Tazama mkono wako sasa hivi ulivyokaa bila kazi. Umeuona? Huo ndio mkono wenye sarafu. Mkono ulionyooka kama ubao ndio wenye mashaka.

Sarafu yenye meno pembeni inashikika vizuri kuliko iliyo laini. Na ukishaificha, fanya kazi nyingine na mkono huohuo: shika kalamu, vuta kiti, panga karata. Kitu kinachouma watazamaji ni mkono unaolindwa.

#5 Gumba la Kushoto

Bi mkubwa umemaliza kila kitu.

Mdadisi, vile vidole vinavyokwenda mbio ni maonyesho ya ufundi, kama mtu anavyorusha mipira mitano hewani. Vinapendeza, lakini mtazamaji anatoka akisema "huyu ana mikono hatari", hatoki akisema "haiwezekani". Ni vitu viwili tofauti.

Nikupe shahidi. René Lavand, Mwajentina aliyezaliwa 1928 na kufariki 2015. Akiwa na miaka tisa gari lilimponda mkono wa kulia, ukakatwa. Akajifunza karata kwa mkono wa kushoto peke yake, na vitabu vyote vimeandikwa kwa ajili ya watu wenye mikono miwili, kwa hiyo ilibidi ajitungie mbinu zake. Mtu wa namna hiyo ungedhani angeficha upungufu wake kwa haraka. Alifanya kinyume. Alikuwa na mchezo wa vijidonge vitatu vya mkate na kikombe: viwili vinaingia kikombeni, cha tatu anakiweka mbali, ukimwaga kikombe vipo vitatu. Anarudia. Anarudia tena, polepole zaidi ya mwanzo, akisimulia hadithi. Msemo wake uliojulikana dunia nzima ni kwamba haiwezekani kufanya polepole zaidi ya hapa.

Kasi iko wapi hapo?

#6 Mdadisi Mkavu

Hapo umenishika kidogo. Ila swali linabaki, kama anakwenda taratibu hivyo, mbona hatuoni?

#7 Somo la Nne

Nasomea saikolojia na hili limefanyiwa utafiti, niruhusuni nishushe nondo.

Mwaka 2005 Gustav Kuhn na mwenzake Benjamin Tatler walichapisha jaribio la sigara na kiberiti cha gesi. Mwanamazingaombwe anataka kuwasha sigara, anaigeuza huku na huko, kiberiti kinapotea, anashangaa, halafu sigara nayo inapotea. Sigara inapoteaje? Anaidondosha mapajani. Waziwazi, mbele ya mtazamaji, wala haikufunikwa na kitu. Watazamaji walivalishwa kifaa cha kufuatilia mwendo wa macho. Mara ya kwanza wengi hawakuiona ikianguka. Lililowashangaza watafiti ni kwamba mahali jicho lilipokuwa limeelekea hapakueleza nani aliona na nani hakuona. Unaweza kuwa umeelekeza jicho karibu kabisa na ukapitwa, kwa sababu akili iko kwenye kiberiti.

Lingine ni la 2006, Kuhn tena, safari hii na Michael Land. Mpira unarushwa juu na kudakwa, unarushwa tena, mara ya tatu unabaki mkononi na mrushaji anainua uso tu kana kwamba umerushwa. Karibu theluthi mbili ya watazamaji walisema waliuona mpira ukipanda na kutokomea. Mpira ambao haukurushwa! Mrushaji alipotazama mkono wake badala ya kutazama juu, waliodanganyika walipungua hadi kama theluthi moja. Yaani yule mzee Ramsay alikuwa sahihi kabla ya maabara.

Na lile la sokwe la 1999, la Simons na Chabris, nadhani wengi mnalijua: unahesabu pasi za mpira wa kikapu, mtu aliyevaa vazi la sokwe anapita katikati ya wachezaji na kujipiga kifua, na kama nusu ya watu hawamwoni.

Kwa hiyo Mdadisi, hukosi kuona kwa sababu mkono ni mwepesi. Umepewa kazi nyingine ya kufanya na hukujua kwamba umepewa.

#8 kiroboto

"Umepewa kazi nyingine ya kufanya na hukujua." Naiba hii.

#9 Mzuka wa Jumanne

Mnajipa moyo na tafiti zenu. Hizo za sarafu sawa, ni hila. Ila wapo watu wanakunja kijiko kwa kukitazama tu. Huko kuna nguvu nyingine, msidanganye watoto wa watu.

#10 Gumba la Kushoto

Haya, nilijua yatafika. Yamechelewa hata.

Mzee wangu, aliyevuma kwa vijiko ni Uri Geller, na yeye alijitangaza kuwa ana nguvu za akili. Mwaka 1973 alialikwa kwenye kipindi cha Johnny Carson kule Marekani. Carson ujanani alikuwa mwanamazingaombwe, akaomba ushauri kwa James Randi, mwanamazingaombwe mwingine. Ushauri ulikuwa mwepesi: andaeni vijiko na vifaa vyenu wenyewe, na yeye wala watu wake wasivisogelee kabla ya kipindi. Geller akakaa mbele ya kamera kama dakika 20 na hakukunjika kitu. Akasema siku hiyo hajisikii nguvu.

Randi huyohuyo aliweka zawadi mwaka 1964, akianza na dola 1,000 za mfukoni mwake, baadaye ikafika dola milioni moja, kwa yeyote atakayeonyesha nguvu hizo chini ya masharti yaliyokubaliwa na pande zote mbili. Zawadi ilifungwa 2015 na hakuna aliyeichukua.

Ukitaka ya zamani zaidi: 1584, Uingereza, Reginald Scot alitoa kitabu cha kupinga watu kuhukumiwa kwa uchawi. Ndani yake akaweka sura nzima za kueleza jinsi hila za vijipira, sarafu na karata zinavyofanyika, hata visu vya bandia vya kujifanya umejitoboa. Alitaka msomaji aone kwamba kitu kikikushangaza si lazima kiwe na shetani nyuma yake. Ndiyo moja ya maandishi ya kale kabisa ya Kiingereza yanayofundisha mazingaombwe, na yaliandikwa kwa sababu hiyo.

#11 Mzuka wa Jumanne

Nimesoma. Sijakubali lakini nimesoma.

#12 Fundi Noti

Tuache nadharia, tufanye kazi. Hii haihitaji ufundi wa mkono hata chembe, na bado watu wanapiga kelele.

Chukua noti na klipu mbili za karatasi. Ikunje noti kwa upana iwe tabaka tatu, lakini usiikunje kama barua. Ikunje ili ukiitazama kutoka juu ionekane kama herufi Z. Klipu ya kwanza ibane sehemu ya mbele pamoja na ya katikati, karibu na ukingo wa noti. Klipu ya pili ibane ya katikati pamoja na ya nyuma. Zote mbili ziingie kutoka juu, mpaka mwisho. Sasa shika ncha mbili za noti, vuta pole pole kwa pande mbili, klipu zinasogeleana. Zikikaribia, maliza kwa mvuto wa ghafla. Zinaruka hewani na kutua zimeshikana kama mnyororo.

Ukivalisha rababendi kwenye noti katikati ya klipu hizo mbili, mwisho rababendi inabaki inaning'inia kwenye noti na klipu zimejipachika kwake.

Hapa hakuna siri ya kuficha. Mkunjo wenyewe ndio unaozipitisha. Unaweza kumpa mtu afanye kwa mikono yake, na ndiyo naipenda: anajidanganya mwenyewe.

#13 kiroboto

Nimejaribu hapa kazini. Klipu zimeruka kila moja kivyake, moja imeenda chini ya kabati. Hazikushikana.

#14 Fundi Noti

Umebana tabaka zote tatu kwa klipu moja. Wote wanafanya hivyo mara ya kwanza. Kila klipu tabaka mbili tu, na ya katikati ndiyo ya pamoja. Na usivute kwa nguvu toka mwanzo.

#15 kiroboto

ZIMESHIKANA. Bosi kaniuliza nafanya nini, nikamfanyia, sasa hivi anatafuta klipu zake.

#16 Gumba la Kushoto

Hahaha. Basi na rababendi. Vaa rababendi kwenye shahada na kidole cha kati, kiganja kikikutazama wewe, mgongo wa mkono ukiwatazama watu. Ivute kwako kwa mkono mwingine, na unapofumba ngumi ingiza ncha za vidole vyote vinne ndani ya mvuto huo, kisha achia. Wao upande wao wanaona rababendi imezunguka vidole viwili tu. Fumbua ngumi kwa haraka: imehamia kwenye kidole cha pete na cha mwisho. Rudia kinyume, inarudi. Ukitaka kuwamaliza, zungushia rababendi ya pili kwenye ncha za vidole kama geti la kuzuia njia. Haizuii kitu, ila inaonekana inazuia.

Hiyo kweli ni ya haraka, Mdadisi, kabla hujaniandama. Ila haraka ni ya mpira, mimi nimefumbua ngumi tu.

#17 Mdadisi Mkavu

Nilikuwa nimeshaanza kuandika.

#18 Bi Shupaza

Sasa nitoe ninayoihesabu kuwa bora kuliko zote kwenye uzi huu, na mtanisamehe kwa urefu. Ni ya kale sana na ipo vitabuni. Glasi inayopita kwenye meza.

Unahitaji meza, kiti, sarafu ya kuazima, glasi isiyo na mguu, na gazeti. Uwe umekaa, na watu wawe ng'ambo ya meza. Weka sarafu mezani. Waambie: sarafu hii itapita kwenye mbao idondoke chini. Ifunike kwa glasi iliyopinduliwa. Halafu sema, "bila shaka mkiiona haitapita", na uifunike glasi kwa gazeti, ulibane vizuri mpaka gazeti lishike umbo la glasi.

Gonga juu. Sema maneno yako. Inua glasi pamoja na gazeti lake. Sarafu ipo palepale. Tahayari kidogo. Funika tena, gonga tena, inua tena. Bado ipo. Sasa kila mtu anaitazama sarafu, wengine wanacheka, mmoja ameinama kuisogelea. Na mkono wako wenye glasi uko wapi? Umerudi ukingoni mwa meza, upande wako, kwa sababu umeinua glasi ili watu waione sarafu. Hapo ndipo mkono unapokwenda wenyewe. Unalegeza vidole. Glasi inatelezea mapajani. Gazeti linabaki na umbo la glasi, unalirudisha juu ya sarafu.

"Nimekosea. Si sarafu itakayopita." Kofi moja juu ya gazeti, linabonyea mpaka mezani. Halafu unatoa glasi chini ya meza.

Angalieni ilivyojengwa. Watu wamepewa kitu cha kulinda, sarafu, na wameilinda kwa uaminifu. Glasi kwao ilikuwa kifuniko tu, na hakuna anayelinda kifuniko. Kushindwa kwako mara mbili si mapambo: ndiko kulikoipa mikono ruhusa ya kurudi nyuma bila kuulizwa. Na wakati wa hila ni pale wanapocheka, kwa sababu mtu anayecheka ameacha kulinda.

Tahadhari. Magoti yabane, na uweke kitambaa mapajani ili glasi isigonge kitu. Usiifanye kwenye meza ya kioo (msinicheke, watu wamejaribu). Usiifanye mtu akiwa amesimama ubavuni kwako. Na usirudie hata ukilipwa.

#19 Somo la Nne

Dada, hiyo ya kutorudia ina ushahidi. Kwenye lile jaribio la sigara nililolitaja, watu walipoonyeshwa mara ya pili karibu wote waliiona ikianguka. Ni jicho lilelile, ila sasa linajua linatafuta nini.

#20 Fundi Noti

Kwa hiyo mtu akisema "rudia!" tunafanyaje? Maana lazima aseme.

#21 Gumba la Kushoto

Unarudia tokeo, hurudii njia. Yeye anadhani ni hila ileile mara mbili, kumbe ni hila mbili zenye mwisho mmoja. Akiwa amekisia njia ya kwanza, ya pili inamfuta ukisio wake.

Kisa maarufu ni cha Dai Vernon, Mkanada. Harry Houdini alikuwa akijigamba kwamba hila yoyote akiiona mara tatu mfululizo ataieleza. Mwaka 1922 mjini Chicago, Vernon akamwekea karata moja iliyotiwa saini na Houdini mwenyewe, akaiweka chini ya karata ya juu, ikarudi juu. Tena, ikarudi juu. Akamfanyia zaidi ya mara tatu na Houdini hakuweza kusema kitu. Vernon aliishi mpaka 1992, na maisha yake yote akatambulishwa kama mtu aliyemshinda Houdini.

#22 Mdadisi Mkavu

Karata zimefika. Kuna ile moja ya kutandaza safu tatu ambayo kila mjomba anayo. Ile inafanyaje kazi?

#23 Bi Shupaza

Karata 21, safu tatu za saba saba, ukitandaza mstari kwa mstari. Mtu anataja safu yenye karata yake, wewe unaikusanya safu hiyo katikati ya zile mbili. Mara tatu. Baada ya hapo karata yake ni ya 11, kila mara. Ni hesabu: mara ya kwanza imebanwa kati ya nafasi ya 8 na ya 14, ya pili inabanwa kwenye tatu za katikati, ya tatu haina pa kwenda. Ukitumia karata 27 unaweza hata kuipeleka nafasi yoyote unayotaka kwa kuchagua safu yake iwe juu, katikati au chini kila unapokusanya; Mfaransa Gergonne aliandika hesabu yake mwanzoni mwa miaka ya 1800.

Na sasa maoni yangu: inachosha. Unatandaza, unakusanya, unatandaza, na mtazamaji anajua tangu dakika ya kwanza kwamba ni hesabu. Siri inayokisika ni afadhali ikawa fupi.

#24 Somo la Nne

Ukitaka hesabu yenye heshima ipo. Persi Diaconis aliondoka kwao akiwa na miaka 14 kumfuata huyohuyo Dai Vernon barabarani, baadaye akawa profesa wa hisabati. Mwaka 1992 yeye na Dave Bayer walichapisha uchambuzi wa kuchanga karata 52 kwa mtindo wa kuzigawa mafungu mawili na kuzipitisha moja ndani ya lingine. Mara saba ndipo zinachanganyika vya kutosha. Chini ya hapo bado mpangilio wa mwanzo unaacha alama, na kuna hila zinazoishi kwenye alama hizo. Unampa mtu achange mwenyewe, anaamini ameharibu kila kitu, kumbe hajaharibu.

#25 Jongoo Mtandaoni

Mimi niko moja kwa moja. Haya mambo yanaweza kuingiza hela? Nasikia karata tatu ile.

#26 Bi Shupaza

Kaka, karata tatu si mchezo, ni wizi wenye meza. Mchezeshaji anashika karata mbili mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na anapotupa anakufanya uamini ametupa ya chini kumbe ametupa ya juu. Kuanzia hapo unaifuata karata isiyo yako kwa uangalifu mkubwa. Wale wanaoshinda pembeni ni wapambe wake. Na ukiona kona ya karata imekunjwa "bila mchezeshaji kujua", mkunjo huo umekunjwa kwa ajili yako.

Tofauti yetu na wao ni moja: sisi mtu anajua anadanganywa na amekubali.

#27 Gumba la Kushoto

Kuna mchoro wa kale unaohusishwa na Hieronymus Bosch, uko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa. Mfanya kiinimacho yuko mezani na vikombe na vijipira, mtu ameinama mbele yake mdomo wazi, na nyuma ya huyo mtu kuna mwingine anatazama juu angani kama hana habari huku mkono wake uko kwenye mfuko wa pesa wa yule aliyeinama. Bi Shupaza angeweza kuuandikia maelezo.

Ila hela halali zipo, Jongoo. Watu wanaalikwa harusini na kwenye hafla, wanazunguka meza kwa meza. Kazi ngumu kweli, maana kila meza unaanza upya na watu wasiokuomba uje.

#28 Mdadisi Mkavu

Swali la mwisho kabla sijalala. Kwa nini mnafichua? Mimi nimefurahi kujua, ila ile ya glasi sasa hainishangazi tena. Kama mmeninyang'anya kitu.

#29 Somo la Nne

Seneca, Mrumi, alilalamika hivyohivyo miaka karibu elfu mbili iliyopita. Aliandika kwenye barua kwamba vikombe na vijiwe vya wafanya kiinimacho vinampendeza kwa sababu ya udanganyifu wenyewe. Ukimwonyesha vilivyofanyika, hamu yake inaisha.

#30 Bi Shupaza

Nampinga Seneca. Mimi nikijua njia ndipo naanza kufurahi. Nikimtazama mtu anayefanya ile ya glasi vizuri, najua sekunde ambayo glasi inashuka na bado simwoni akifanya. Slydini, mwanamazingaombwe wa zamani, alikuwa anamketisha mtu mmoja kitini mbele ya ukumbi na kumpotezea vijipira vya karatasi kimoja kimoja. Ukumbi mzima unaona vinarushwa juu ya kichwa chake, yeye peke yake haoni. Kila mtu humo anajua siri. Na wanacheka mpaka machozi.

Ila Mdadisi ana haki yake. Asiyetaka kujua asilazimishwe. Tunaandika uzi ambao mtu ameufungua mwenyewe. Kumnong'oneza jirani katikati ya mchezo wa mtu mwingine ni utovu wa adabu.

#31 kiroboto

Wakuu msifunge. Bosi amerudi, anataka ile ya glasi, ila ofisini watu wanasimama pande zote. Nifanyeje?

#32 Bi Shupaza

Usifanye. Mfanyie ya rababendi, au ya klipu tena kwa noti yake yeye.

#33 Gumba la Kushoto

Au sogeza kiti, mgongo uwe ukutani kwenye kona, na uwaambie waketi kabla hujatoa gazeti. Wakikataa kuketi, msikilize Bi Shupaza.